Wembe Nisiousikia

Baka la kwanza lilitokea juu ya mguu wangu wa kulia, nyuma kidogo ya kidole gumba, mahali hasa ninapopigia mpira. Lilikuwa limepauka kuliko ngozi iliyolizunguka, upana wa senti kumi, haliwashi wala haliumi. Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyeona baka la namna hiyo mwilini mwake na amekaa kimya nalo. Mimi nilikaa nalo kimya misimu miwili ya mpira. Sikuwa mwoga sana. Nilichanganyikiwa, na mengine yananichanganya mpaka leo, kwa hiyo usitegemee nitakupangia kila jambo mahali pake.

Baba na mama walifariki masika moja, wakipishana wiki tatu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, dada yangu Mwanaidi kumi, na Hatibu alikuwa bado anabebwa mgongoni. Baada ya arobaini ami yetu, mdogo wake baba, alikuja kutoka Kigombe akiwa ameshatugawa kichwani mwake. Hatibu angekwenda kwake, Mwanaidi kwa shangazi Ushongo, mimi nirudi shuleni.

"Ami, sisi tutakaa pamoja," nikamwambia.

"Mtakaa wapi?"

Wiki iliyofuata niliacha shule, nikaenda kwenye shamba moja la mkonge nje ya Tanga kuomba kazi, kwa sababu nilikuwa nimesikia kwamba mfanyakazi wa kudumu hupewa chumba na jiko lake. Nilikata mkonge mwezi mmoja na kidogo, mikono ikavimba. Kisha Jumamosi moja timu ya shamba ikapungukiwa mtu, nikaitwa kujaza nafasi, ikatokea penalti na hakuna aliyetaka kuipiga. Nikaipiga mimi. Meneja alikuwa Mgiriki aliyependa mpira kuliko mkonge. Jumatatu nilihamishiwa ghalani, kazi ya kivulini, na chumba kikatolewa kwa jina langu. Tangu siku hiyo nilijua ni mguu upi unaotulaza sisi watatu chini ya bati.

Sikuwa mchezaji hodari. Nilicheza beki na mbio sikuwa nazo. Lakini mpira ukiwekwa chini ukatulia, watu wakaambiwa wakae mbali, hapo nilikuwa mtu mwingine. Hatua tano nyuma, moja kando. Sikumtazama golikipa, nilitazama ushono wa mpira. Penalti zote, mipira yote ya adhabu, hata ile ya kuanzia golini, ilikuwa yangu kwa misimu tisa. Mashamba mengine wachezaji walibadilika kila mwaka. Mimi nilibaki, kwa sababu mtu wa kupiga mpira uliotulia hazeeki upesi.

Kila timu ya shamba ilikuwa na fundi wake wa dawa, na mtu akikwambia timu yake haikuwa naye anakuficha. Fundi wetu alikuwa Mzee Mhina. Siku za kazi alipima matita ya mkonge, na Jumamosi adhuhuri alituita nyuma ya ghala akatuchanja. Wengine aliwachanja kifuani. Mimi alinichanja mguuni, chale saba kwa wembe, akapaka jivu lake jeusi. Misimu ya mwanzo niliuma ukosi wa shati mpaka nikautoboa.

Msimu wa nane, kabla ya mechi ya kwanza, nilikuwa nimekaa pale nikizungumza na golikipa wetu, Mbaruku. Mazungumzo yakawa marefu.

"Mzee, unaanza saa ngapi?" nikauliza.

"Kuanza nini? Nimeshapaka na jivu," akasema Mzee Mhina.

Nikatazama chini. Chale saba, damu imechanganyika na jivu, na mimi sikuwa nimesikia hata moja.

Mbaruku akacheka. "Huo si mguu tena, bwana. Ni mpini wa jembe."

Mzee Mhina hakucheka. Alinibonyeza pale kwa ukucha, akanitazama usoni, akabonyeza tena. "Dawa imekubali," akasema. "Miaka yote hii naukata mguu huu, leo umekubali." Kisha akanipa miiko: nisiuoshe kwa maji ya moto, nisimwonyeshe mtu asiye wa timu, nisiutaje nje. Wenzangu wote walinishika mkono kunipongeza, kila mmoja kwa zamu yake.

Hapa ndipo ninapokuomba unielewe, wewe unayesoma. Kila kilichofuata kilimwunga mkono Mzee Mhina. Mpira wa ngozi ukilowa masika ni kama jiwe, na wapigaji wote huogopa jiwe. Mimi sikuogopa tena. Niliupiga kwa nguvu zangu zote bila kuuma meno, na msimu ule sikukosa penalti hata moja. Baka likapanuka mpaka kwenye kifundo. Nilikuwa nikiliangalia kwa siri, nikifurahi kwamba dawa inapanda.

Sasa niambie, magoli yale yalikuwa ya nani? Yangu, au ya ugonjwa? Nimejiuliza sana na sijapata jibu.

Msimu wa tisa mguu ukaanza kunifanyia mambo. Nilifika ghalani asubuhi moja nikakuta nimevaa kubadhi moja tu. Ya pili ilikuwa imenivuka mguuni njiani na sikuwa na habari. Hatibu, aliyekuwa sasa wa miaka tisa, aliiokota akielekea shule, akaniletea akicheka. "Kaka, umekimbizwa na nani?" Nami nikacheka. Kisha ncha ya mguu ikawa inaning'inia, nikitembea inakwangua mchanga. Mwanaidi aliniuliza kwa nini napiga hatua kama jogoo. Nikamjibu ni uchovu.

Na mpira ukaacha kwenda nilipoutuma. Penalti ya kwanza ilipita nje, nikasema ni upepo. Ya pili nayo. Ya tatu nilikwangua ardhi nyuma ya mpira, ukaviringika polepole mpaka mikononi mwa golikipa, uwanja mzima ukanyamaza. Mtu mmoja nyuma ya kamba akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ameuza mechi." Neno hilo lilinifuata mpaka nyumbani. Mzee Mhina alisema watu wa timu ile wameizima dawa, akanichanja upya, chale kumi na nne sasa. Hizo hazikupona. Zikawa kidonda kimoja chenye maji.

Jioni moja Mwanaidi alikuwa anakaanga samaki, mimi nimekaa kando ya jiko la mkaa nikimsikiliza Hatibu akisoma kitabu chake. Mwanaidi akainua kichwa.

"Kitu gani kinaungua?" Akatazama kikaango, akatazama kitambaa cha kushikia. Kisha akatazama chini. "Kaka, toa mguu. Toa mguu wako."

Kisigino changu kilikuwa juu ya kaa la moto lililoanguka. Hatibu aliacha kusoma. Niliwaona wote wawili wakinitazama usoni, wakingoja nilie, na mimi nilikuwa nawatazama wao, sijui nifanye sura gani.

Hatibu alipokwenda kulala Mwanaidi alisema, "Kesho twende hospitali."

"Msimu ukiisha."

"Msimu ukiisha utakwendea nini? Magongo?"

Nikamweleza kwa sauti ya chini. Nikisema naumwa, naondolewa kwenye timu. Nikiondolewa kwenye timu, narudishwa kukata mkonge, na kwa mguu huu siwezi kukata. Chumba kinaondoka. Wewe Ushongo, yeye Kigombe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapangusa kikaango. Nilidhani amekubali.

Ilikuwa vuli inaanza. Nilikwenda hospitali masika iliyofuata. Miezi ile ya katikati ndiyo iliyonichukulia vidole viwili vya mguu, na hilo silitupi kwa Mzee Mhina wala kwa mtu mwingine. Nilikuwa najua moyoni kwamba kuna kitu. Niliogopa kukipa jina kwa sababu jina lingetutoa nyumbani.

Hospitali mjini Tanga tulikaa kwenye benchi barazani tangu saa moja asubuhi. Mwanaidi alikuja nami kwa nguvu, akakaa upande wa mlango ili nisitoroke. Mwanamke mmoja wa makamo aliyekaa karibu yetu aliutazama mguu wangu, akavuta buibui lake, akahama mwisho wa benchi. Baadaye akarudi akakaa palepale, akatoa chungwa, akatumegea. Sikumjua na sikumwona tena. Katika ugonjwa huu utakutana na watu wanaohama, na mara nyingine wanarudi. Wale wanaorudi washukuru, usiwaulize kwa nini walihama.

Daktari alikuwa na kipande cha pamba.

"Fumba macho. Nikikugusa, onyesha kwa kidole nilipogusa."

Nikafumba. Nikangoja. Nilisikia pangaboi linazunguka juu, nikasikia mtoto analia barazani. Nikangoja kwa adabu yangu yote.

"Daktari, ukiwa tayari," nikasema.

Nilisikia Mwanaidi anavuta pumzi. Nikafumbua macho. Daktari alikuwa ameshainuka anaandika. Alikuwa amenigusa muda wote ule, kuanzia vidoleni mpaka chini ya goti.

Alilitaja jina taratibu. Ukoma. Wazee wetu waliuita maradhi makubwa ili wasilitamke. Nilimwambia haiwezekani, mguu wangu umetiwa dawa. Akaniuliza dawa gani, na hapo nikagundua kwamba sina namna ya kulieleza jambo lile kwa mtu aliyeshika kalamu. Mwanaidi alieleza. Alikuwa anajua kila kitu, miiko na yote, sijui kwa muda gani.

Nilipelekwa kituo cha wamisheni upande wa Muheza, nyumba ndogo ndogo zimepangwa katikati ya michungwa. Dreva wa hospitali aliniacha langoni, akanitupia bahasha ya barua ya daktari badala ya kunikabidhi mkononi. Aliyenipokea alikuwa mganga msaidizi, Yohana, Msambaa wa Kilutheri kutoka milimani, mtu wa maneno machache. Alinishika mkono akautikisa kama mtu anayenisalimia sokoni. Ilikuwa zaidi ya wiki mbili hakuna aliyenishika mkono.

Muda kule haukuhesabiwa kwa miezi. Tulihesabu vidonge. Vilitolewa Jumanne na Ijumaa, tukapanga foleni mbele ya dirisha, unameza mbele ya Yohana na kufungua kinywa aone. Mwanzoni nilifikiri nitameza machungwa yakiwa mabichi na yakiiva nitakwenda nyumbani. Yaliiva mara tatu.

Hakuna aliyeniambia kwamba hali huwa mbaya kwanza kabla ya kuwa nzuri, kwa hiyo nakwambia wewe. Mwezi wangu wa tano pale mwili uliwaka. Homa, uvimbe wa usoni, vinundu vyekundu mikononi. Masikio yakawa mazito. Nyusi zangu zilianza kupukutika kuanzia nje kuja ndani. Kwenye kipande cha kioo alichokuwa nacho mwenzangu wa chumba nilimwona mtu anayefanana na babu yangu. Nikasema vidonge vinaniua. Ijumaa ile nikakificha kidonge chini ya ulimi.

Yohana alinifungua kinywa, akatazama, akasema, "Inua ulimi."

Nikainua.

"Ulikuwa mpiga penalti, nasikia."

"Ndiyo."

"Ukikosa moja, ulikuwa unaacha mpira?"

"Mara ya mwisho ndivyo walivyotaka niache."

"Basi mfano wangu mbaya," akasema. "Meza."

Nikameza. Homa iliendelea siku nyingi, kisha ikapungua. Sijui kama ni kidonge kile au ni zamu yake kuisha.

Kilichonisumbua kuliko homa ni kutojua wamelala wapi. Barua niliyoandika kwa ami haikujibiwa. Usiku na mchana niliwaona, Mwanaidi akichota maji ya watu Ushongo, Hatibu akipara samaki Kigombe badala ya kusoma. Ndiyo maana Mwanaidi alipokuja, siku ya wageni ya kwanza baada ya mvua, jambo la kwanza nilimwuliza, "Umetoka Ushongo na basi gani?"

Wageni walikaa kwenye benchi lao, sisi kwenye letu, hatua kama sita katikati.

"Sijatoka Ushongo. Nimetoka nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Kwetu. Shambani."

Akanisimulia. Wiki niliyoondoka alikwenda kwa meneja mwenyewe, akasimama mlangoni pa ofisi mpaka alipoitwa, akaomba kazi kwenye chumba cha brashi ambako wanawake hupiga nyuzi za mkonge. Akaomba na chumba kibaki. Meneja alisema chumba ni cha mfanyakazi, na yeye akajibu kwamba ndiyo maana ameomba kazi kwanza. Ami alikuja kumchukua Hatibu, akakuta mtoto yuko shuleni na chakula kiko motoni, akala, akaondoka.

"Hakusema kitu?"

"Alisema samaki amezidi chumvi."

Nilicheka, kisha nikajikuta siwezi kuendelea kucheka. Nilikuwa nimevificha vidole vyangu mpaka vikafa kwa ajili ya chumba kile, na chumba kile kilingoja mtu aende akakiombe mlangoni. Nilifurahi sana na niliumia sana, vyote kwa pamoja, na sikuweza kumwambia kimojawapo. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia mapema, jioni ile ya samaki, kwamba anaweza kufanya hivyo.

"Ungenikubalia?" akauliza.

Nilitazama michungwa. Hapana, nisingemkubalia.

Kuna jambo jingine hakunisimulia, nililisikia kwa Mbaruku alipokuja kuniona mara moja. Kulikuwa na watu wa Muheza waliokuwa wameleta posa kwa Mwanaidi. Waliposikia niko wapi, wakanyamaza, na mshenga hakurudi. Nilipomwuliza yeye, alisema vumbi la brashi linamfanya akohoe, tukaongea habari za kikohozi. Ukiwa mgonjwa, yako mambo ambayo ndugu zako wanayalipia na hawatakuonyesha. Usiwalazimishe, lakini pia usijifanye huyajui.

Machungwa yalipoiva mara ya tatu nilipewa karatasi ya kutoka. Yohana alinisomea maagizo: vidonge niendelee navyo, nichukue dawa kila mwezi, na kila siku asubuhi na jioni nikague nyayo zote mbili kwa macho, kwa kuwa miguu haitaniambia kitu tena. "Mguu wako sasa ni kama mtoto mdogo wa jirani," akasema. "Ila huyu akiumia halii. Wewe ndiye utazame."

Nilifika shambani siku ya Jumamosi, timu ikiwa uwanjani, nikapita nyuma ya watu. Wengine walinisalimu kwa mbali kwa kuinua kofia. Mzee Mhina alikuwa amekaa juu ya tita, amezeeka. Nikamwendea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umerudi."

"Nimerudi." Nikakaa. Nilikuwa nimepanga swali hili miaka mitatu. "Mzee, siku ile uliponibonyeza mara mbili. Ulikuwa unajua?"

Timu yetu ilipata kona wakati huo, hakuitazama. "Mimi nilijua kukata," akasema. "Kilichotoka ndani nilikiita kwa jina nililokuwa nalo." Kisha akanyoosha mkono wake, nikaushika. Hilo ni jibu au si jibu? Siku nyingine naona amekiri, siku nyingine naona hakusema chochote. Nimeacha kumkasirikia kabla sijaamua.

Nyumbani nilikuta vitu vimehamishwa. Kitanda changu kilikuwa dirishani, penye mwanga. Hatibu amenipita urefu, ananiita kaka kwa sauti nzito, anaingia darasa la sita. Mwanaidi ndiye anayeshika ufunguo, ndiye anayepanga tule nini na nani aende wapi. Siku za mwanzo nilikuwa nasimama katikati ya chumba sijui nikae sehemu gani ya nyumba niliyoitafuta mwenyewe.

Asubuhi ya nne alikuwa amevaa kwa kwenda kazini, kitambaa cha vumbi shingoni. Akachuchumaa mbele yangu.

"Leta mguu."

"Nimeshautazama."

"Umeutazama juu. Leta."

"Mwanaidi, mimi ni mkubwa wako."

"Mkubwa ni wewe, kaka. Leta mguu."

Hatibu alijifanya anatafuta daftari. Nikaunyoosha. Aliugeuza kuelekea mlangoni penye mwanga, akapitisha kidole gumba polepole kwenye unyayo, na karibu na kisigino akasimama. Akavuta. Ilitoka ncha nyeusi ya jani la mkonge, ndefu kama msumari mdogo, nami nilikuwa nimetembea nayo tangu jana pengine, mpaka msikitini na kurudi.

Aliiweka kwenye kiganja changu. Akaosha tundu kwa maji ya chumvi, akafunga kitambaa safi, akakaza fundo. Nilitazama mikono yake ikifanya kazi mahali ambapo sikusikia chochote, kama ninamtazama mtu akimhudumia mtu mwingine. King'ora cha kiwanda kikalia mara ya kwanza, na bado alikuwa amechuchumaa.

"Utachelewa," nikasema.

"Na wa kushoto," akasema.

Nikampa.